Mvua ya Jagi

Jumatatu, 3 Machi

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi ninayeishi naye. Namwonea wivu binamu yangu. Si kwa sura yake. Si kwa sauti yake, ingawa akinong'ona jikoni wanaopita barabarani wanaitika. Namwonea wivu kwa sababu ya mvua yake.

Naona aibu hata kuandika. Wasichana wenzangu wanaoneana wivu wa viatu.

Nieleze. Tangu nimalize shule najitolea katika kituo cha hali ya hewa hapa bondeni. Kila siku saa tatu asubuhi naenda uani. Nafungua kipimo cha mvua, ambacho ni kopo refu la shaba lenye mdomo kama wa faneli. Namimina maji yaliyoingia kwenye gilasi nyembamba yenye mistari. Nasoma milimita. Naandika. Basi! Hakuna kazi tamu kama hii duniani. Mvua haina mteja. Mvua haiulizi mbona huyu mtoto haongei.

Binamu, binti wa Mjomba, anafanya kazi hiyohiyo kituo cha mlimani. Yeye wanamwita Ngurumo. Mimi Mkuu wa Kituo ananiita Kimya. Kule mlimani mtu akipiga chafya tu, inanyesha. Kila asubuhi Ngurumo anaandika kwenye kundi la simu la vituo vyote vya kanda: Mlimani 38.4, wa bondeni mmelowa nini, jasho? Mimi naandika: Bondeni 0.0. Kisha naficha simu chini ya mto.

Leo Mkuu ametangaza kwamba anakuja Daktari kutoka makao makuu. Atachambua mvua kubwa za kanda nzima. Kila kituo, kila mwaka, anachukua ile siku moja iliyonyesha kupita zote, anazipanga, anapiga hesabu ya mvua kubwa kiasi gani inaweza kutujia na kwa nadra gani. Kituo kimoja kitakuwa nguzo ya uchambuzi. Msomaji wa kipimo wa kituo hicho ataajiriwa kuwa msaidizi wake. Daktari anataka, Mkuu alisoma mwenyewe kwa sauti, kituo chenye rekodi nzuri.

Rekodi nzuri! Nilikimbilia kabatini. Rekodi yetu ni 96.0, na ilinyesha kabla sijazaliwa. Ya mlimani ni 131.0.

Nisipochaguliwa, Shangazi ameshaapa kuniweka kwenye duka lake la ushonaji, nipinde pindo na kupokea wateja. Kupokea wateja! Kuwaambia karibu! Kuwapima kiuno huku wananitazama!

Nimeamua. Nitavunja rekodi.

Nimejiwekea sharti moja, kwa kuwa mimi si mwongo. Sitaandika namba ya uongo. Kamwe. Kila milimita nitakayoandika itakuwa imeingia kwenye gilasi kwa kweli. Itaingiaje, hilo ni suala jingine.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Paa la ofisi halina mfereji upande wa nyuma, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yote yanamwagika pembeni kwa mstari mmoja. Kipimo kikiwa chini ya mstari huo, kitapokea mvua ya paa zima. Mvua ya kweli kabisa! Imepita tu njia ndefu.

Nilifika mapema na jembe la Shangazi. Nilikichimbua kipimo, nikakihamishia chini ya paa, nikasawazisha udongo, nikapiga saluti.

Haikunyesha. Njiwa wawili wa pale juu walikiona, wakakikubali. Saa tatu nilikuta kitu kwenye faneli ambacho si mvua.

Mkuu aliona shimo katikati ya ua akapiga kelele kwamba tumeibiwa. Nilipata ujasiri nikasema huenda ni mchwa. Mkuu akasema katika utumishi wake wote hajaona mchwa anayehama na kopo la shaba na kulisimika wima. Akaniambia nilirudishe, tena nililinganishe na jiwe la alama linaloonyesha mahali pake.

Mlimani 22.6. Bondeni 0.0 na njiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari amefika. Ni mwanamke mwembamba, anatafuna karanga akifikiri, na akifikiri sana anaacha kutafuna. Shangazi, ambaye ndiye anayemshonea Mkuu mashati na ndiye aliyeniombea nafasi hii, alikuja ofisini kwa kisingizio cha kuleta shati. Alisikia neno daktari akapandisha gauni hadi gotini, akaeleza maumivu yake tangu mwanzo. Daktari alisikiliza kwa adabu, kisha akasema yeye ni daktari wa mvua. Shangazi akashusha gauni. Akauliza kwani mvua ikiumwa huwa inalalamika wapi.

Mchana tulipata semina. Ngurumo alishuka kutoka mlimani kwa ajili hiyo. Amevaa buti za mvua kwenye jua kali. Makusudi!

Daktari alieleza maana ya mvua ya miaka mia. Alisema si mvua inayokuja mara moja halafu inapumzika miaka tisini na tisa. Fikirini mfuko wa maharage mia, alisema, moja jekundu. Kila mwaka unachomoa moja bila kutazama, halafu unalirudisha. Ukichomoa jekundu mwaka huu, mwakani bado limo mfukoni. Unaweza kulichomoa tena.

Mkuu alinyoosha mkono akasema kwa hiyo mvua kubwa ikishapita, sisi tunakuwa salama kwa miaka tisini na tisa. Daktari aliacha kutafuna.

Nilikuwa nimeelewa! Jibu lilikuwa tayari mdomoni: harage linarudi mfukoni, Mkuu. Maneno manne. Nilisimama. Wote wakanitazama. Nikafunga dirisha, kana kwamba ndilo lililonisimamisha, nikaketi.

Ngurumo aliyekaa nyuma yangu akabweka: "Harage linarudi mfukoni, baba, halijaliwa!" Watu wakacheka. Daktari akamuuliza anaitwa nani. Akaandika! Niliona kwa macho yangu, aliandika!

Lazima kesho inyeshe.

Ijumaa, 7 Machi

Ilinyesha! Jana kuanzia jioni, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Asubuhi nilichungulia kipimo kabla ya saa tatu. Kwa macho, kama milimita kumi na nne. Mlimani walikuwa wameshajitangaza na 44.0, na kicheko.

Nilichukua jagi la ofisini. Lile ambalo Mkuu huwekea juisi yake ya embe. Halikuwa safi sana lakini muda ulikuwa umebana. Nililijaza bombani nikaenda uani nikitembea kama mtu anayekwenda kumwagilia maua. Hatuna maua.

Nilitaka kufika tisini na saba tu. Kuipita rekodi yetu kwa milimita moja, kwa heshima. Nikamimina. Halafu nikaikumbuka 131.0 ya mlimani, na zile buti. Nikamimina tena. Halafu njiwa akaruka juu yangu, nikashtuka, na jagi lote likaenda.

Kisha nikapima. Hapa naomba nisifiwe kidogo. Mtu mwingine angekadiria. Mimi nilipima gilasi moja baada ya nyingine, nikainama hadi macho yakawa sawa na mstari, kama tulivyofundishwa. Gilasi kumi na tano na kidogo. Nikaandika 152.6. Si mia moja hamsini na tatu! Nukta sita, kwa kuwa ilikuwa nukta sita.

Nikatuma kwenye kundi. Kimya. Hata Ngurumo kimya! Kimya cha Ngurumo ni kitu kizuri, kama kivuli.

Mkuu alisoma mara tatu akakumbatia kabati. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazungumza na redio. Alisema kituo chetu kimepata mafanikio makubwa.

Daktari aliniuliza kama nimepima mwenyewe. Nikatikisa kichwa kukubali. Kama nimepima vizuri. Nikatikisa kwa nguvu zaidi, kwa dhamiri safi.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amesikia redio. Kutwa nzima anazungumza na cherehani. Anasema eti mia na hamsini! Alhamisi usiku mashuka yake yalisahaulika kambani, asubuhi aliyakamua mara moja yakaisha maji. Hiyo mia na hamsini ilikuwa inamkwepa nani?

Akanigeukia akaniuliza mimi ninayeshinda kwenye hilo kopo, niliona mvua gani. Nikasema milimita ni ndogo sana, Shangazi, haionekani kwa macho. Akasema ndogo ikiwa mia na hamsini si ukoo mzima huo?

Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari ameonyesha ramani mbele ya wageni. Kanda nzima, rangi kutoka njano hadi nyekundu. Kila mahali njano njano kama embe bivu, kisha katikati, juu ya mji wetu, doa jekundu kama jipu. Daktari alisema kwa hesabu ya kituo chetu hii ni mvua ya miaka elfu tatu. Alisema haamini. Mito haikupanda. Vituo vyote vya jirani vina chini ya ishirini, isipokuwa mlimani. Alisema hii ni rasimu tu, na juu ya doa ameweka alama kubwa ya kuuliza.

Mkuu hakusikia neno haamini. Alisikia elfu tatu. Aliwaambia wageni kwamba miaka elfu tatu iliyopita hapa hapakuwa na ofisi, kwa hiyo sisi ndio wa kwanza kuipata.

Miongoni mwa wageni alikuwepo Bwana Mitaro wa manispaa. Ni mfupi, mwenye haraka, na kopo lake la rangi linakaa garini muda wote. Bwana Mitaro haoni alama za kuuliza. Anaona rangi. Aliangalia nyekundu akasema mtaro wetu mkubwa hautoshi, utapanuliwa, na kila kilicho kandokando yake kitavunjwa. Akatoka kabla ya soda.

Kandokando ya mtaro mkubwa kuna fundi baiskeli, kuna kinyozi, na kuna duka la Shangazi.

Sijala.

Jumanne, 11 Machi

Kuna alama ya X nyekundu kwenye mlango wa duka. Ameichora chini, karibu na kizingiti, maana juu kumetundikwa gauni la maonyesho, la kuvutia wateja, na hata Bwana Mitaro hakuthubutu kuligusa. Shangazi alimwambia akilidondoshea rangi atalivaa yeye.

Sijawahi kumwona Shangazi amekaa bila kushona. Alikaa. Alisema duka hili alilinunua kwa kupinda pindo za watu ambao leo hawamsalimii. Alisema maji hayajawahi kumfukuza, wala mume hakumfukuza, sasa anafukuzwa na namba. Halafu akanitazama akasema afadhali mwanangu una kazi ya maana, kidogo utatulisha.

Moyo ulinipasuka vipande.

Nikaamua kukiri. Kweli! Nilikwenda hadi mlango wa Daktari. Nikagonga. Akasema ingia. Nikafungua mdomo, nikasema: chai? Akasema ndiyo, asante. Nikaleta chai. Nikarudi baada ya muda. Nikavuta pumzi. Nikasema: sukari? Mara ya tatu hakuningoja niseme, alinyoosha kikombe.

Daktari amekunywa chai nyingi leo. Ukweli bado ninao.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili! Kama siwezi kuifuta namba, nitaifuta X.

Rangi ya manispaa haifutiki. Nilisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Inang'aa tu zaidi. Nikaketi kizingitini nikaikodolea macho. X. Miguu miwili imepishana. Ghafla nikaona! Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki ya kibao cha duka, nikachora duara kwenye kila ncha ya chini.

Mkasi! Mkasi mzuri ajabu, umefunguka kidogo, kama unaotaka kusema kitu.

Bwana Mitaro alipita kuhesabu X zake. Zilipungua moja. Alihesabu tena kutoka upande wa pili. Akakuna kichwa. Akasimama mbele ya mlango wetu akamsifia Shangazi kwa tangazo lake jipya, akamwachia suruali mbili apunguze urefu.

Shangazi alimpima kwa mkono mtulivu kabisa. Alipoondoka alinifuata jikoni, akanivuta sikio, akanibusu palepale alipovuta. Akasema mimi kimya changu kina mikono.

Naanza kufikiri kwamba mambo yatajipanga yenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Hayakujipanga.

Daktari aliomba kukiona kipimo. Tulikwenda uani wote: yeye, Mkuu, mimi, na Ngurumo aliyekuwa amejialika. Sisimizi! Msafara mrefu, mweusi, wenye nidhamu kuliko shule yetu. Unatoka ukutani, unakatiza ua, unapanda kopo la shaba, unaingia ndani. Daktari aliinama. Akapitisha kidole ndani ya kopo. Akakinusa. Akakilamba! Msomi mzima!

Akasema embe.

Akamuuliza Mkuu tangu lini mvua ya bondeni ina sukari. Mkuu aliapa kwa mama yake kwamba juisi yake huwa anaimaliza. Ngurumo alicheka hadi akajishika ukutani, akasema bondeni kumbe mnanyeshewa vinywaji.

Daktari akanigeukia mimi. Taratibu. Akaniuliza nadhani imeingiaje. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: njiwa.

Daktari alisema njiwa anayebeba jagi la juisi ni tukio la kupindukia kuliko mvua yoyote aliyowahi kuichambua, angependa sana kujua linajirudia baada ya miaka mingapi.

Halafu akasema jambo ambalo limenikaa kifuani mpaka sasa. Alisema alikuja bondeni akiwa ameshakichagua kituo chetu kabla hajashuka garini. Kwa sababu ya rekodi yake. Tangu kilipofunguliwa, hakuna siku hata moja iliyokosa kupimwa. Masika, kiangazi, sikukuu, misiba, mtu alikwenda uani saa tatu na kuandika. Hakuna kituo kingine cha kanda chenye mfululizo kama huo. Hiyo, alisema, ndiyo rekodi nzuri. Na sasa ina siku moja asiyoweza kuieleza, kwa hiyo haamini zilizo jirani nayo. Rekodi imevunjika.

Rekodi. Kumbe ilikuwa rekodi ile nyingine! Ile ya kutunza, si ile ya kuvunja!

Kwa nini watu wazima hutumia neno moja kwa vitu viwili? Naona lugha nayo ina lawama yake hapa.

Daktari ameichora ramani upya. Mji wetu umekuwa njano. Bwana Mitaro amepigiwa simu. Fundi baiskeli na kinyozi wanafutiwa X zao kwa rangi ya kijivu. Kwetu hakuna cha kufuta.

Ijumaa, 14 Machi

Amechaguliwa Ngurumo.

Mlimani! Kituo chenye mapengo kama meno ya mtoto! Mkuu alilalamika, akatoa taarifa za mlimani, akaonyesha siku ambazo Ngurumo hakuandika milimita yoyote bali neno moja: sikuamka. Limeandikwa waziwazi. Sikuamka. Jumapili nyingine: sikuamka tena.

Daktari alisema ndiyo maana. Pengo analijua, atalipigia hesabu. Mtu anayeandika sikuamka, siku akiandika 44.0 unajua ni 44.0.

Dunia haina haki. Mimi niliamka kila siku!

Ngurumo alinikumbatia kwa nguvu, buti zake zikanikanyaga. Akaniambia sikioni, yaani kwa sauti ya kusikika manispaa, kwamba siku nyingine nisuuze jagi kwanza, dada. Sijui alikuwa na maana gani. Labda anamsengenya Mkuu.

Shangazi ameshanisafishia kiti dukani. Ameweka na mto.

Jumatatu, 17 Machi

Mungu wangu.

Ilianza jana mchana. Haikuomba radhi. Ilishuka kama mtu aliyefungua mlango kwa teke. Mpaka leo asubuhi hatukusikilizana ndani ya nyumba. Nilikwenda kituoni nimejifunika turubai. Saa tatu nilipima. 103.8.

Nilipima tena maji yaleyale. 103.8. Sikugusa jagi! Mkuu amelifungia kwenye sefu! Rekodi ya kweli, yangu, nimeipata kwa jasho na mafua!

Mkuu alimpigia Daktari aliyekwisha panda mlimani na Ngurumo. Aliweka sauti ya nje. Daktari akasema mwambieni Kimya jagi la safari hii angalau ni dogo. Nikamsikia Ngurumo nyuma anacheka. Daktari akasema ataiandika, pembeni ataweka neno la mashaka.

Nililia kwenye turubai. Niliwaza kwamba hii ndiyo adhabu ya mtu mwaminifu.

Kisha simu ya Mkuu ikalia. Picha, kutoka kwa Shangazi. Amesimama juu ya meza ya kukatia, gauni la maonyesho kichwani, cherehani ameikumbatia kama mtoto. Mbele yake mlango wa duka uko wazi, maji ya mtaro yamejaa ndani, yamefika kwenye mkasi niliouchora. Maduara mawili ya chini yamezama. Chini ya picha ameandika: Mwambieni huyo daktari asiyejua magoti, hii ndiyo mvua. Ile nyingine sikuiona.

Mkuu aliituma mlimani. Tulingoja. Jibu likaja neno moja: Imekubaliwa.

Nilikimbia dukani. Tulitoa maji kwa ndoo mimi na Shangazi mpaka miguu ikawa myeupe kama ya marehemu. Vitambaa vyote vilikuwa juu. Hakuna kilichopotea ila suruali za Bwana Mitaro. Shangazi alisema hizo zilikuwa fupi tangu mwanzo. Halafu akaegemea ufagio. Akaniuliza, taratibu, kama kuna kitu nataka kumwambia. Nilifungua mdomo.

Nikasema: chai?

Alicheka sana. Sijui kwa nini. Alisema lete, mwanangu, lete.

Jumanne, 18 Machi

Habari njema! Ngurumo akizunguka na Daktari, kipimo cha mlimani hakina msomaji. Mkuu ameniteua mimi. Kwa posho! Nilimsikia akimweleza Shangazi mlangoni kwamba kule nitafaa zaidi kwa sababu kule hakuna jagi. Sijaelewa vizuri, labda kule wanatumia vikombe. Shangazi alijibu kwamba hata hivyo akague mizigo yangu. Wazee wana mizaha yao.

Mimi najua moja tu: hakuna aliyegundua. Hata mmoja. Ni mimi na wewe.

Na nimejifunza, usifikiri sikujifunza. Nimejifunza kusikiliza maneno vizuri. Ndiyo maana leo niliisoma mara mbili barua ya Daktari kuhusu mwaka ujao. Atarudi kuchambua ukame. Atahitaji tena msaidizi, maana Ngurumo atakwenda kusoma. Na safari hii, ameandika mwenyewe, anataka kituo chenye rekodi safi.

Safi!

Sasa safi ni nini? Nimefikiri kwa makini, sitarudia kosa. Sahani safi haina kitu juu yake. Kwa hiyo rekodi safi ni ile isiyo na kitu ndani yake. Sifuri. Sifuri baada ya sifuri. Tatizo ni kwamba mlimani kunanyesha kila mtu akipiga chafya.

Lakini mimi si mwongo. Sitaandika 0.0 kama kuna maji ndani ya kopo. Kamwe. Nitahakikisha tu hayaingii.

Kwenye begi langu, chini ya nguo, kuna kitu ambacho Shangazi alipokagua hakukiona. Mwavuli mdogo wa mtoto, wenye picha za vyura. Nimeupima leo asubuhi juu ya kipimo cha bondeni. Unaenea sawasawa, kama ulishonewa.

Wewe unayesoma haya, tafadhali. Usimwambie mtu.